Vyombo vya Fundi na Siri ya Frimasoni

Mimi ni fundi uashi wa Manyamanyama. Nimejenga hapa kwetu, nimejenga Balili, Nyasura na hata Musoma mjini: misingi ya mawe, kuta za tofali za kuchoma, mchanga wa mto Rubana. Kwenye gunia langu la kazi mna mwiko, nyundo, tindo, pimamaji, timazi, skwea ya chuma na kamba iliyoviringwa kwenye kijiti. Navitaja vyombo hivi kwa sababu hapa Bunda wapo watu wazima ambao wakiona skwea imechorwa ukutani pamoja na bikari, huvuka barabara. Watakwambia hiyo ni alama ya Frimasoni, na Frimasoni kwao ni damu, kafara na utajiri wa usiku mmoja.

Mtu akinunua basi, ni Frimasoni. Akipandisha ghorofa kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ni Frimasoni. Niliwahi kusikia hayo yakisemwa juu ya ghorofa niliyoijenga kwa mikono yangu, na msemaji alikuwa amesimama chini ya jukwaa nililokuwa nimekalia. Mwenye nyumba alianza na pamba, akaingia kwenye sangara, akamalizia na mkopo wa benki. Kila bei ya samaki ilipoanguka, kazi ilisimama na nondo zikashika kutu. Mwenye majini wa kumletea fedha asingekaa miaka akinidai muda na mimi nikimdai ujira.

Kwa hiyo niliamua kuitafuta historia yenyewe. Manyamanyama hatuna ukumbi wa Frimasoni. Tuna hospitali, tuna makanisa na misikiti, tuna vijiwe vya bodaboda. Jengo lao linalojulikana zaidi nchini liko Dar es Salaam, Sokoine Drive, kwenye barabara inayopita karibu na bandari, na halijafichwa. Lakini hadithi yenyewe haikuanzia Dar. Ilianzia kwa watu wa kazi yangu.

Katika Uingereza na Uskoti ya zamani, kanisa kubwa la mawe lilijengwa kwa miaka mingi sana. Babu aliweza kuweka msingi na mjukuu akafunga paa. Pembeni ya jengo mafundi walijiwekea kibanda. Humo walichonga mawe mvua ikinyesha, wakala, wakalaza vyombo vyao. Kibanda hicho ndicho kilichoitwa loji. Aliyewahi kufanya kazi kwenye saiti kubwa anakijua, maana hadi leo hatuanzi kazi kabla ya kujenga stoo ya mabati.

Siri ilitokea wapi? Ilitokea kwenye ujira. Fundi wa mawe hakukaa mahali pamoja. Kazi ikiisha alifunga mzigo na kulifuata jengo lingine. Akifika ugenini, msimamizi atajuaje kama huyu ni fundi kweli, au ni saidia fundi aliyetoroka na mwiko wa bwana wake? Vyeti havikuwepo na wengi hawakujua kusoma. Mafundi wa Uskoti wakawa na neno la siri, ambalo hakuambiwa mtu mpaka awe amefundishwa kazi na kukubaliwa na wenzake. Aliyelijua alipewa kazi na malipo ya fundi. Asiyelijua alibeba mawe.

Wenye mali hawakuipenda mikusanyiko hiyo. Baada ya tauni kubwa ya mwaka 1348 kuua watu wengi, vibarua wakawa adimu na bei ya kazi ikapanda. Sheria ya mwaka 1351 ikajaribu kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni. Mafundi wa mawe waliendelea kukutana, na mwaka 1425 bunge la Uingereza likatunga sheria iliyotaja mikutano yao waziwazi na kuipiga marufuku, kwa hoja kwamba inavunja sheria za vibarua. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Hakuna tajiri anayefurahi kusikia kwamba mafundi wa mji mzima wamekaa chini ya mti kukubaliana bei ya tofali moja.

Mwaka 1598 na 1599 William Schaw, msimamizi wa majengo ya mfalme wa Uskoti, aliandika kanuni za loji: nani afundishwe, kwa muda gani, nani awe kiongozi. Loji ya Edinburgh ina kumbukumbu za vikao vyake kuanzia 1599. Kisha likatokea jambo ambalo kila chama cha mafundi kinapaswa kulichunga. Wakaanza kuingia watu ambao hawakuwa mafundi. Mwaka 1646 msomi wa Kiingereza, Elias Ashmole, aliandika katika shajara yake kwamba ameingizwa huko Warrington. Alikuwa mtu wa vitabu na vitu vya kale. Sijasikia kwamba aliwahi kujenga hata choo. Waliofuata walikuwa wa namna yake: mabwana wenye ardhi, wanasheria, madaktari, wachungaji, na baadaye wana wa wafalme. Polepole wenye mikono yenye sugu wakawa wachache, na vyombo vya kazi vikabaki mifano ya kufundishia tabia njema.

Frimasoni wenyewe huhesabu kwamba chama chao cha sasa kilianza London tarehe 24 Juni 1717, loji nne zilipoungana katika kilabu kimoja karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kanisa ambalo mafundi walikuwa wamelimaliza miaka michache tu nyuma. Mwaka 1723 mchungaji Mpresbiteri, James Anderson, alichapisha kitabu cha katiba yao, na kitabu hicho kiliuzwa madukani. Kwa hiyo wanaosema katiba ya Frimasoni imefichwa pangoni wamechelewa kwa miaka 300.

Ndani ya loji kuna nini? Kuna ngazi tatu: mwanagenzi, fundi mwenza na fundi bingwa. Vijana wangu waliopita VETA wamezielewa mara moja, kwa sababu mtihani wetu wa ufundi nao ulikuwa na madaraja matatu, ukianzia la tatu kwenda la kwanza. Mwanagenzi wa loji huonyeshwa rula ya inchi 24, nyundo na tindo. Rula anaambiwa ni saa 24 za siku, azigawe kwa sala, kazi, kupumzika na kumsaidia mwenzake. Nyundo na tindo ni za kujichonga mwenyewe, kwa maana loji huwa na mawe mawili, moja ghafi kama lilivyotoka machimboni na moja lililonyooshwa pande zote. Ngazi ya pili ni skwea, pimamaji na timazi: uwe mnyofu, uwaone watu wako sawa, usimame wima. Ya tatu ina bikari, kalamu na kamba ya kupigia mstari. Mwenyekiti wa loji huvaa skwea shingoni kama nishani, na akimaliza muda wake kwa desturi ya Kiingereza hupewa nishani nyingine yenye mchoro wa kanuni ya Pythagoras. Fundi yeyote wa Bunda anaijua kanuni hiyo hata kama hajawahi kulisikia jina la Pythagoras. Ni ile tatu-nne-tano tunayoipiga kwa kamba kila tunapoweka kona ya nyumba ili chumba kisije kikalala upande.

Kuhusu kuingia, masharti yao yamejulikana siku nyingi. Mwombaji awe mtu mzima, awe anamwamini Mungu wa dini yake, awe na sifa njema, na apendekezwe na wanachama wanaomjua. Kisha hupigiwa kura kwa gololi, na nyeusi chache tu zinatosha kumrudisha nyumbani. Akikubaliwa hulipa ada kila mwaka na huchangia misaada. Msomaji aweke jambo hilo akilini: kwenye loji ya kweli, fedha hutoka kwa mwanachama kwenda kwenye chama.

Chama hiki kilisambaa duniani kwa meli, reli na majeshi ya Waingereza, na hakikuwa cha Wazungu peke yao kwa muda mrefu kama tunavyodhani. Mwaka 1775 huko Boston, Marekani, mtu mweusi huru aliyeitwa Prince Hall, pamoja na wenzake 14, aliingizwa na loji ya askari wa jeshi la Uingereza. Loji za Wazungu wa mji ule hazikuwataka. Hall akaomba hati Uingereza, akaipata mwaka 1784, na loji yao ikaitwa ya Kiafrika. Jina hilo lilikuwa la kujivunia. Mwaka 1777 alikuwa tayari ametia sahihi ombi kwa bunge la Massachusetts watumwa waachwe huru, na miaka kumi baadaye akaomba watoto weusi wapewe shule. Loji zenye jina la Prince Hall ziko Marekani mpaka sasa.

Kwetu Afrika Mashariki, reli ya Uganda ilifika ziwani, Kisumu, mwisho wa mwaka 1901. Mwaka 1905 Nairobi ikapata loji yake, iliyoitwa Harmony, nambari 3084 katika orodha ya London. Wanachama wa loji kama hizo walikuwa maofisa, wahandisi, wafanyabiashara na walowezi. Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Wajerumani na kuwekwa chini ya Waingereza baada ya vita ya kwanza ya dunia, utaratibu huohuo ukashika mizizi huku. Mwananchi wa kawaida aliwaona tu mabwana wenye suti nyeusi wakiingia jioni kwenye jengo ambalo yeye haruhusiwi kuingia hata kama ndiye aliyebeba zege lake. Mlango wa namna hiyo, katika nchi inayotawaliwa kwa ubaguzi, lazima uzae maneno. Leo ukumbi wao wa Nairobi uko kwenye barabara yenye jina la Nyerere, Mzanaki wetu wa Butiama.

Na Nyerere anaingia kwenye hadithi hii kwa njia nyingine pia, ambayo kwangu ndiyo sehemu yake nzito.

Mtanzania aliyejulikana kuliko wote katika Frimasoni alikuwa Jayantilal Keshavji Chande, ambaye watu walimwita Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene mkoani Tabora, ambako familia yake ya Kihindi ilifanya biashara. Aliingia Frimasoni mwaka 1954, na baadaye akawa kiongozi wao wa Afrika Mashariki nzima kwa miaka mingi. Familia yake ilikuwa na viwanda vya kusaga nafaka, kati ya vikubwa kabisa nchini.

Sasa tuhesabu. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Siku chache baadaye Chande aliitwa Ikulu, na Mwalimu akamweleza kwamba viwanda vyake vinakuwa mali ya umma. Wakati huo Chande alikuwa na miaka 13 ndani ya Frimasoni. Kama chama hicho kina joka linalolinda mali ya wafuasi wake, joka hilo lililala siku hiyo. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, aliyekua akichunga mbuzi Butiama, alichukua viwanda vile kwa tamko la serikali.

Na Chande hakukimbia nchi. Mwalimu alimwomba abaki aongoze kazi ileile chini ya serikali, naye akakubali, akawa meneja mkuu wa National Milling. Sisi wa rika langu tunalikumbuka shirika hilo kwa foleni na kwa unga wa njano tuliouita yanga, ule wa mahindi ya msaada, ambao ugali wake mama zetu waliusonga wakiguna. Chande aliongoza pia bodi za mashirika mengine ya umma, na alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert. Mwaka 2005 alichapisha kitabu cha maisha yake, na humo hakuficha kwamba yeye ni Frimasoni. Uvumi ulipozidi alikaa mbele ya waandishi wa habari akajibu maswali yao. Alifariki Aprili 2017, akiwa na miaka 88.

Lakini uvumi haukuhitaji majibu yake, kwa sababu ulikuwepo kabla yake. Zamani za mkoloni wazee wetu walizungumza habari za mumiani, watu waliodaiwa kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ikauzwe kama dawa. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walioshukiwa sana walikuwa wazimamoto, kwa magari yao na sare zao na kazi yao ya usiku. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alikusanya masimulizi hayo na kuyatolea kitabu mwaka 2000. Ukiyasoma utaona umbo lake ni lile tunalolisikia kijiweni leo: kuna watu wanapata mali kwa njia tusiyoielewa, basi lazima malighafi yake iwe sisi. Mkoloni alikuwa anachukua kweli, jasho na ardhi na kodi. Damu ilikuwa namna ya kulisema hilo. Mkoloni alipoondoka, maneno yakabaki yakitafuta pa kukaa, na jengo la Sokoine Drive likawa pa kufaa.

Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, minong'ono ya Frimasoni ilijaa nchi nzima bila ushahidi wowote. Mahakama ilikiangalia kifo kile kama shauri la kuua bila kukusudia. Miaka iliyofuata yakazidi matangazo ya karatasi kwenye nguzo za umeme na ujumbe wa simu: jiunge na Frimasoni, upate gari, nyumba na mamilioni, piga namba hii. Saidia fundi wangu mmoja aliupata ujumbe huo. Akatuma fedha ya fomu. Akaambiwa atume ya kusajiliwa, akatuma. Akaambiwa begi lake la noti limefika Mwanza, imebaki nauli ya kulileta Bunda. Alituma ujira wa mwezi mzima na hatimaye akauza simu yenyewe aliyotapeliwa nayo. Kwa aibu hakwenda polisi, kwa sababu ataelezaje alichokuwa anakitafuta?

Sisemi haya kuwatetea Frimasoni. Wako watu wazito waliowakataa kwa hoja, bila hadithi za damu. Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738, na Vatikani ikarudia katazo hilo mwaka 1983. Ndiyo maana Mkatoliki wa Bunda anayelifuata kanisa lake hawezi kuwa mwanachama. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Makka mwaka 1978 nao walitoa uamuzi wa kuwapinga. Wakristo na Waislamu hao wanahoji kiapo, siri na mafundisho ya chama ambacho kinaziweka dini zote kwenye benchi moja.

Hoja yangu mimi ni ya madaraka. Liberia, kizazi baada ya kizazi, wakubwa waliotokana na watumwa walioachwa huru Marekani walikutana kwenye loji na kugawana nchi. Marais Tubman na Tolbert walikuwa Frimasoni. Samuel Doe alipopindua serikali tarehe 12 Aprili 1980, Tolbert aliuawa na Frimasoni ikapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Italia mwaka 1981 polisi walikuta orodha ya majina 962 ya loji iliyoitwa P2: mawaziri, majenerali, wenye mabenki, wenye magazeti. Serikali ikaanguka. Hapo hapakuwa na majini. Palikuwa na watu wenye vyeo ambao walisaidiana gizani mambo ambayo mwananchi alistahili kuyaona mchana.

Sisi wa Mara hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wazungu. Wakurya wana inchama, baraza la wazee wa mila linaloamua mambo mazito kama msimu wa tohara, na yanayosemwa humo hayatoki nje. Watu wamelivumilia, hata wameliheshimu, pale lilipolinda jamii. Linapotumika kufunika kosa la mwenye nguvu, wanalilalamikia kwa haki. Kipimo hichohicho kinatosha kwa loji, kwa bodi ya ushirika wa pamba, kwa kamati ya zabuni ya halmashauri. Tuulize ni nani wamekaa, wanagawa nini na ni mali ya nani. Maswali hayo yana majibu, na majibu yanaweza kumfikisha mtu mahakamani. Ukishasema fulani ni Frimasoni, mjadala umekwisha na mwizi wa kweli amepumua.

Kwa vijana wa Manyamanyama neno langu ni fupi. Anayekuomba ada ili akupe utajiri ni tapeli. Hifadhi namba yake na ujumbe wake, upeleke kituo cha polisi bila kuona haya. Jirani yako akijenga, muulize amejengaje. Wengi hupenda kusimulia. Na ukitaka kuijua skwea inafanya kazi gani, njoo saiti asubuhi saa moja, uje na koti la kazi. Somo la kwanza ni tatu-nne-tano, na kwangu halina ada.